Uraia wa Kenya: Haki ya Familia na Safari ya Cheti

Uraia ni uhusiano wa kisheria kati ya mtu na dola, na kwa uhusiano huo mtu hupata haki ya kupiga kura, kubeba pasipoti ya nchi na kurejea nyumbani bila kuomba ruhusa. Nchini Kenya jambo hili linaongozwa na Sura ya Tatu ya Katiba ya 2010 pamoja na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, ambazo zilibadilisha kwa kina hali ya mhamiaji na ya familia yake, kwa kuwa ziliutazama uraia kama haki inayopita kwa mama sawasawa na kwa baba.

Katiba inatambua aina mbili za uraia. Ya kwanza ni uraia wa kuzaliwa, ambao hautegemei mahali mtoto alipozaliwa bali wazazi wake: ikiwa siku ya kuzaliwa kwake mama au baba alikuwa raia wa Kenya, mtoto huyo ni raia, awe amezaliwa Kisumu au Muscat. Chini ya katiba ya awali, mama Mkenya aliyejifungua nje ya nchi hakuweza kumrithisha mtoto uraia, na mume wake mgeni hakuwa na haki ya kuandikishwa kama aliyokuwa nayo mke mgeni wa mwanamume Mkenya. Aidha, mtoto anayeokotwa nchini akionekana kuwa na umri wa chini ya miaka 8, na ambaye wazazi wala utaifa wake haujulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Aina ya pili ni uraia wa kuandikishwa, yaani ule unaopatikana kwa maombi. Aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka 7 ana haki ya kuandikishwa, mradi ndoa hiyo iwe inatambuliwa na sheria na haikufungwa kwa nia ya kujipatia uraia tu, na mtoto mgeni aliyeasiliwa na raia, yaani aliyefanywa mwana kwa amri ya mahakama, ana haki hiyo pia. Mgeni asiye na uhusiano wa ndoa anaweza kuomba baada ya kuishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo, akitimiza masharti kadhaa, likiwemo la kuelewa Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Kabla ya kufika huko, wengi hupitia ukaazi wa kudumu, ambao ni idhini ya kuishi na kufanya kazi nchini bila kuwa raia. Idhini hiyo yaweza kuombwa na mwenye ndoa na raia iliyodumu miaka 3, na vilevile na aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka 7, iwapo amekaa nchini miaka 3 ya mwisho bila kukatiza.

Njia hizi zote zinamhudumia mtu aliyeingia nchini akiwa na hati. Mtihani mkubwa umewakabili watu wasio na utaifa, yaani wale ambao hakuna dola yoyote inayowatambua kuwa raia wake, wakiwemo Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani enzi za ukoloni. Bila kitambulisho, vizazi vya watu hao havikuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu wala kupata ajira rasmi. Sheria ya 2011 iliwafungulia njia wasio na utaifa walioishi Kenya tangu 12 Desemba 1963 pamoja na vizazi vyao, lakini iliweka muda wa miaka 5, ambao ungeweza kuongezwa kwa miaka 3 pekee.

Wamakonde walipata uraia baada ya kuandamana kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza waandikishwe. Washona wenye asili ya Zimbabwe walitangaziwa uraia mnamo Desemba 2020, na Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa na Rais William Ruto mwaka 2023. Ushindi huo ni wa kupongezwa, ila unaonyesha pia upungufu wa haki inayosubiri tangazo la kiongozi, ilhali muda uliowekwa na sheria umekwisha na jamii nyingine bado hazijafikiwa.

Kwa hiyo jukumu liko pande mbili. Bunge linapaswa kuifanya njia ya wasio na utaifa kuwa ya kudumu, kwa sababu mtoto anayezaliwa leo bila utaifa hana kosa lolote la kuadhibiwa kwa tarehe. Familia nazo zinapaswa kusajili kila mtoto anapozaliwa na kutunza vyeti vya ndoa, vibali vya ukaazi na stakabadhi za shule, kwa maana ofisa wa uhamiaji huamua kwa ushahidi ulio mezani, na haki ambayo mwenyewe hana cha kuithibitishia huweza kumpita akiwa hai.