Kupima Uthabiti wa Motokaa Iliyotumika

Mtu wa kipato cha wastani anapoazimia kununua motokaa ya kuwapeleka watoto shule, mgonjwa hospitali, na jamaa wote kijijini wakati wa sikukuu, swali la kwanza analoulizwa na wauzaji, na aghalabu analojiuliza mwenyewe, ni kiasi gani cha fedha alicho nacho. Ilhali swali lililo zito zaidi, ambalo bei yenyewe haiwezi kulijibu, ni kama gari atakalolipata litawaka asubuhi ya siku atakayolihitaji sana, na kama likikataa, taabu yake itakuwa ya saa moja au ya miezi mitatu. Uthabiti wa gari kuukuu ni jumla ya mambo matatu: namna lilivyoundwa kiwandani, namna lilivyotunzwa na waliolimiliki, na wepesi wa kulitengeneza mahali mnunuzi anapoishi. Wengi hulipima la kwanza tu, kwa kuwa jina la kiwanda limebandikwa nje na kila mpita njia hulisoma. Lakini katika gari la bei ya chini, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu, hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Motokaa nyingi za matumizi ya nyumbani katika Tanzania, Kenya na Uganda hutoka Japan, na sababu zake ni bayana. Japan, kama nchi zetu, huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari yake uko mahali panapotufaa. Na sheria ya huko humtaka mwenye gari dogo jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, ukaguzi uitwao shaken, ambao pamoja na kodi na bima zinazoandamana nao huwa mzigo mzito kiasi kwamba wengi huona heri kuliuza gari lenye afya kuliko kuligharimia tena. Magari hayo hupelekwa minadani, hununuliwa na mawakala, hupakiwa melini, na hatimaye huteremshwa Mombasa au Dar es Salaam. Serikali nazo zimeweka mipaka yake: Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, Uganda tangu 2018 imekataza yenye umri wa miaka 15 na zaidi, na Tanzania huyatoza magari yenye umri mkubwa ushuru wa ziada.

Walakini mnunuzi mwenye fedha kidogo ni nadra kununua gari lililoshuka melini jana; hununua lile lililokwisha kukaa nchini miaka mingi, na gari la namna hiyo lina maisha mawili ambayo kila moja lataka kuchunguzwa peke yake. Kilomita 80,000 zilizotembewa katika lami laini, kwa oili iliyobadilishwa kwa wakati wake, hazilingani hata kidogo na kilomita 80,000 za makorongo, vumbi, madimbwi ya masika na foleni za mjini. Katika jambo hili herufi za namba za usajili zimewapotosha wengi. Mtanzania husikia kwamba gari ni namba D au namba E, na Mkenya kwamba ni KCA au KDA, akadhani ameelezwa umri wake. Kumbe herufi hizo husimulia wakati gari liliposajiliwa nchini tu, na motokaa iliyopata namba juzi yaweza kuwa imeundwa miaka kumi kabla. Umri wa kweli hutafutwa katika namba ya chasisi na katika hati za usajili, na pengine huthibitishwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa usalama, ambacho mara nyingi huwa na tarehe ya kutengenezwa kwake.

Sifa ya aina fulani ya gari si jambo la kudharauliwa, maana haipatikani kwa matangazo pekee. Peugeot 504, iliyoanza kuundwa 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally katika 1975 na 1978, ilipendwa Afrika Mashariki kwa sababu ilistahimili barabara mbovu na kila fundi wa kando ya njia aliifahamu; lakini spea zake zilipoadimika na mafundi wake walipozeeka, uimara ule wa kiwandani haukutosha tena kumfikisha mwenyewe safari. Cheo hicho sasa kimeshikwa na Toyota, na hasa motokaa za kawaida zisizo na mapambo kama Probox na IST, zote mbili zilizoanza kuuzwa 2002, nyingi zikiwa na injini za ukoo wa NZ ambazo kamshafti zake huzungushwa kwa mnyororo wa chuma badala ya mkanda wa mpira. Mnunuzi huzipenda kwa kuwa spea zake, mpya na za kuvuliwa katika magari mengine, zimejaa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na kijana aliyejifunza ufundi chini ya mwembe aweza kuzifungua na kuzifunga bila kutafuta kitabu.

Hata hivyo, jina moja la kiwanda hufunika mitambo ya tabia mbalimbali. Injini ambazo mafundi wetu huziita D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, jambo linaloongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta, lakini lenye kuhitaji pampu ya thamani kubwa na petroli safi; na kwa kuwa petroli hiyo haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, masizi hujikusanya huko pasipo cha kuyaosha. Kadhalika motokaa ndogo nyingi za miaka ya karibuni zina giaboksi ya CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili, na huhitaji oili yake maalumu. Asiyejua akaitilia oili ya giaboksi ya kawaida huwa ameanza kuiua, wala dalili hazionekani siku hiyo. Na injini zenye mkanda wa mpira hutaka mkanda huo ubadilishwe, aghalabu kila kilomita 100,000, kwani katika injini nyingi ukikatika safarini vali na pistoni hugongana. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu kama gari ni Toyota au Nissan. Aulize injini gani, giaboksi gani, na nini kilibadilishwa lini.

Hapo ndipo historia ya matunzo inapoingia, na ndipo hila za soko zilipo nyingi. Gari lililopita mnadani Japan huandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye daraja lake: daraja la 4 au 4.5 ni la gari lililo katika hali njema, na herufi R ni ishara kwamba liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo, ikipatikana, huonyesha kilomita za siku ile, na yafaa zilinganishwe na zinazosomeka kwenye dashibodi, maana kurudisha nyuma hesabu ya kilomita ni ghashi iliyoenea. Ikiwa karatasi haipo, gari lenyewe litatoa ushahidi: mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa viganja, na kiti cha dereva kilichobonyea haviwezi kuwa vya motokaa iliyotembea kilomita 45,000. Vipande vya stakabadhi za gereji, hata vikiwa na madoa ya oili, vina thamani kuliko rangi mpya.

Ukaguzi wenyewe ufanywe mchana, na fundi awe wa mnunuzi, si wa muuzaji wala wa dalali, alipwe ujira wake hata kama gari halitanunuliwa. Injini ikutwe baridi, kwa kuwa muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla ya wageni kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni wa oili inayoungua ndani ya silinda. Mweusi ni wa petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto ni wa maji yaliyopenya mahali pasipo pake, na kifuniko cha oili kikikutwa na utando mfano wa maziwa, shaka hiyo huzidi kupata nguvu. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha, taa zote za tahadhari za dashibodi sharti ziwake kwanza ndipo zizimike. Ile ya injini au ya mifuko ya hewa isipoonekana kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima kwa makusudi. Kisha gari lipandishwe mlima, lipitishwe njia ya mashimo huku redio imefungwa, ili shokapu, bushi na boljointi ziseme zenyewe, na mwishowe litazamwe chini kwa kutu, hasa likiwa limekaa kisiwani au kando ya bahari.

Maradhi yanayoua motokaa nyingi katika joto la pwani ni kuchemsha. Wengi hutia maji ya bomba badala ya kulanti ya rejeta, nayo huleta kutu inayoziba mishipa ya rejeta. Kisha fundi, ili kuleta nafuu ya upesi, huitoa thamostati na kuitupa, tatizo likafichika na injini isifanye kazi katika joto lake sawa. Injini iliyochemka hata mara moja, silindahedi yake huweza kupinda, na matengenezo yake kuzidi sehemu kubwa ya bei ya gari zima. Maji ya rejeta yakiwa na rangi ya udongo, busara ni kuondoka.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi apite maduka ya spea akiwa na namba ya chasisi, aulize bei ya shokapu, pampu ya maji, taa ya mbele na giaboksi ya kuvuliwa, ya halisi na ya kuigiza. Hapo ndipo atakapojua kwamba gari la kifahari lililoshuka thamani lina matengenezo yanayobaki katika cheo chake cha zamani. Wala asitumie fedha zote katika kununua. Atenge fungu kwa oili zote, plagi, betri, breki na matairi, akikumbuka kwamba tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, hata 2319 ikawa juma la 23 la 2019, na tairi kuukuu hupasuka ingawa meno yake ni marefu. Na hati zihakikiwe kwa mamlaka, TRA huko Tanzania na NTSA huko Kenya, jina la muuzaji lilingane na la mmiliki, na gari lisiwe limewekwa rehani kwa mkopo ambao bado haujalipwa.

Baada ya yote hayo, ikiwa mbele yake zimesimama motokaa mbili za bei moja, moja changa kwa miaka minne, inayong'aa, isiyo na hata karatasi moja ya matunzo, na nyingine kongwe yenye mikwaruzo, lakini stakabadhi zake zipo, fundi wake anajulikana na ila zake zimetajwa na mwenyewe bila kulazimishwa, achague ya pili. Maana ila inayojulikana huingia katika hesabu na bei ikapunguzwa kwa ajili yake, bali ila iliyofichwa hulipwa na mnunuzi peke yake. Na ikiwa zote mbili hazitaridhisha, au muuzaji akimkataza fundi asiliguse gari lake, asione haya kuondoka na fedha zake, hata kama dalali atamwambia kuna mwingine yuko njiani anakuja kulichukua jioni hiyo hiyo. Motokaa za namna hiyo bandari huzileta kila mwezi, na mwenye subira ya kukagua tatu au nne kabla ya kulipa moja atakuwa amelipa fedha ndogo kwa fundi ili asilipe kubwa kwa gereji.