Sushi ya mtaani: Hapa kizuri ndicho kinachojitembeza

MWAMBIE mama anayeuza ndagala pale Rumonge kwamba kuna nchi ambako watu wazima hukaa mezani wakala samaki asiyeguswa na moto. Atacheka kwanza, kisha atakuuliza: "Na tumbo je?" Ni swali la haki, na Wajapani wenyewe wamekuwa wakilijibu kwa miaka mingi.

Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua kwamba chakula cha mwenzako huchekwa kabla hakijaonjwa. Wapo miongoni mwetu waliochekwa Kigoma kwa walichokipenda, wakaja kuchekwa tena Burundi kwa walichojifunza kula huko. Magari ya Kijapani yaliyotumika tunayapokea kila siku kupitia bandari ya Dar es Salaam, lakini meza ya waliyoyatengeneza hatuijui. Wengi wanadhani sushi ni chakula cha matajiri wa hoteli kubwa, kumbe sivyo.

Shida ya kila mchuuzi

Sushi ilizaliwa na tatizo ambalo kila mchuuzi wa samaki analijua: mzigo kuoza kabla ya kufika sokoni. Watu wa Kusini-Mashariki mwa Asia walimtia samaki chumvi, wakamfukia ndani ya wali kwa miezi. Wali ulichacha, na uchachu huo ukamhifadhi samaki. Wakati wa kula, wali ulitupwa. Njia hiyo ilifika Japani, na hadi leo kando ya ziwa Biwa hutengenezwa funazushi, samaki wa ziwani anayeweza kukaa ndani ya wali mwaka mzima au zaidi. Sisi tulichagua jua na chumvi, wao wakachagua wali, lakini shida ilikuwa moja.

Katika miaka ya 1820, mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, watu walichoka kusubiri. Wali ukatiwa siki ili upate uchachu papo hapo, ukafinyangwa kwa mkono, na kipande cha samaki kikawekwa juu. Mpishi anayetajwa zaidi katika mageuzi hayo ni Hanaya Yohei. Sushi hiyo iliuzwa kwenye vibanda vya barabarani. Mteja alikula kwa vidole, akaenda zake kazini.

Mkanda wa bia

Baadaye sushi ilipanda bei, na mtu wa kipato kidogo akabaki nje ya mlango. Aliyemrudisha ndani ni Yoshiaki Shiraishi, mwenye mkahawa karibu na Osaka. Wateja walikuwa wengi na wahudumu wachache. Alipoona mkanda unaobeba chupa katika kiwanda cha bia, akajiuliza kwa nini sahani zisitembee hivyo hivyo. Mwaka 1958 alifungua mkahawa ambamo sahani huzunguka mbele ya wateja. Maonyesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yalieneza sifa zake nchi nzima.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Shiraishi ni kinyume: kizuri ndicho kinachojitembeza!

Mgeni anayeingia katika mkahawa wa namna hiyo hana haja ya kujua lugha. Huketi, hujitengenezea chai ya kijani kwa maji ya moto yaliyopo pale mezani, kisha huchukua anachokipenda: jodari, kamba, pweza, au yai lililokaangwa kwa asiyetaka kibichi. Kula kwa vidole si aibu. Kipande huchovywa kwenye mchuzi wa soya upande wa samaki, si upande wa wali, la sivyo wali husambaratika. Tangawizi huliwa kati ya samaki mmoja na mwingine ili kusafisha kinywa. Wasabi, ile ya kijani, huwasha hadi puani, hivyo anza na kidogo.

Katika mikahawa mingi rangi ya sahani ndiyo bei. Ukimaliza, sahani tupu zinahesabiwa, unalipa, na bakshishi haidaiwi. Kwa miaka mingi sahani ya chini ilikuwa yeni 100 kabla ya kodi, hadi gharama zilipopanda; mwaka 2022 kampuni kubwa ya Sushiro ilifikisha bei yake ya chini yeni 120. Hapo mfanyabiashara wa mpakani, aliyezoea kuulizwa bei tatu kwa mzigo mmoja, ataona jambo la kujifunza.

Kinachouzwa ni imani

Mapema mwaka 2023, video ya kijana akilamba chupa ya mchuzi wa soya katika mkahawa mmoja ilienea duniani. Wateja walishtuka, na kampuni kadhaa zikaacha kuzungusha sahani ovyo. Siku hizi mara nyingi mteja huagiza kwenye skrini na sahani humfikia yeye peke yake. Ulimi mmoja ulitosha kutikisa biashara nzima.

Upande wa pili ni habari ya salmoni. Zamani Wajapani hawakumla mbichi, kwa kuwa samaki wa bahari yao alikuwa na minyoo. Katika miaka ya 1980 Wanorwe walikuja na salmoni wa kufugwa, anayelishwa chakula kisicho na minyoo hiyo. Ilichukua miaka kumshawishi mnunuzi, lakini leo salmoni ni kipenzi cha wengi kwenye mikahawa hiyo.

Sasa tumjibu yule mama wa Rumonge. Tumbo hulindwa kwa baridi kali: kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili minyoo ife. Ndimu, siki na pilipili haziiui. Kwa hiyo mtu asije akamkata mukeke au sangala wa ziwa letu akamla mbichi kwa kuiga. Samaki wa ziwani apikwe aive.

Cha kuiga ni kile kinachomfanya mgeni ale bila hofu: samaki aliyehifadhiwa vizuri, mikono safi na bei inayoonekana. Hayo hata beseni la ndagala sokoni linayaweza, na hayahitaji mkanda wa umeme.