Mashine Ipendekeze, Mtu Aamue

Kipindi cha maelezo. Nakala hii imechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa wale waliokosa matangazo.

MUZIKI WA KIPINDI: unapanda, kisha unashuka taratibu.

MTANGAZAJI: Karibu wewe uliye Base Camp, uliye Juru na uliye Rubondo, hapa Nakivale. Karibu na wewe unayesoma nakala hii ukiwa umekaa na jirani asiyejua kusoma. Tafadhali msomee kwa sauti, maana maneno haya yanamhusu pia.

Leo tunazungumzia akili mnemba katika ofisi za umma. Wengine huiita akili bandia. Wengi mnaijua kwa picha za kuchekesha zinazotengenezwa na kompyuta na kuzunguka kwenye simu. Leo tunaangalia ofisi inayoamua nani apate kadi, nani apate msaada, nani aitwe kuhojiwa. Ofisi za namna hiyo katika nchi nyingi zimeanza kuuliza ushauri kwa mashine. Zifanye nini ili mashine isimwonee mtu? Na wewe, una haki ya kuuliza nini?

Kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu watu husema "mashine" kana kwamba ni moja. Ziko za aina tatu.

Aina ya kwanza inalinganisha. Mwaka 2018, serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Uliweka kidole, mashine ikajibu swali moja tu: huyu ni yule aliyeandikishwa, au siye?

Aina ya pili inafuata kanuni iliyoandikwa na mtu. Familia ina watu watano, zidisha kwa kiasi cha mtu mmoja, toa jumla.

Aina ya tatu inatabiri, na hapa ndipo akili mnemba inapoleta shida mpya. Inapewa maelfu ya mafaili ya zamani na kuambiwa: hawa walidanganya, hawa hawakudanganya. Inatafuta wanafanana wapi. Halafu unapokuja wewe mgeni, inakupa alama: huyu ni wa kushukiwa sana, huyu kidogo. Haikujui wewe, inajua mafaili yaliyokutangulia. Kama maofisa wa zamani walizoea kuwachunguza zaidi watu wa kabila moja, mafaili ya makosa yatajaa watu wa kabila hilo, na mashine itajifunza kwamba kabila hilo ni la kushukiwa. Ubaguzi wa zamani unarudi umevaa nguo za hesabu.

MUZIKI MFUPI.

MTANGAZAJI: Sasa twende Uholanzi. Huko wazazi wanaofanya kazi hupewa fedha za kusaidia kulipia malezi ya watoto wao mchana. Kuanzia mwaka 2013, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitumia programu ya kujifunza iliyotoa alama za hatari kwa maombi ya wazazi. Kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulihesabiwa kuwa dalili ya hatari. Alama ikiwa juu, faili lilipelekwa kwa ofisa. Lakini ofisa huyo hakuambiwa kwa nini alama iko juu. Aliona mtu ameshukiwa, akaanza kumshuku naye.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya wanadamu. Malipo yalisimamishwa. Kosa dogo kwenye fomu, kama sahihi kukosekana, lingeweza kumfanya mzazi adaiwe fedha zote za mwaka mzima, si ile sehemu yenye kosa tu. Wazazi zaidi ya 20,000 walisingiziwa. Wengi walikuwa na asili ya nchi nyingine. Wengine walidaiwa makumi ya maelfu ya euro, wakapoteza nyumba na kazi, ndoa zikavunjika. Watoto zaidi ya 1,000 wa familia hizo walitolewa nyumbani na kuwekwa chini ya malezi ya wengine. Walipouliza sababu, hawakupata jibu la kueleweka.

Mwezi wa Desemba 2020, tume ya bunge ilisema wazazi wale walitendewa dhuluma isiyo na mfano. Tarehe 15 Januari 2021 serikali yote ya waziri mkuu Mark Rutte ilijiuzulu. Baadaye mwaka huohuo, mamlaka inayolinda data za watu iliitoza ofisi ya kodi faini ya euro milioni 2.75. Uholanzi ni nchi tajiri, yenye mahakama na magazeti huru. Hata hivyo ilichukua miaka mpaka mzazi wa kawaida aaminiwe.

Mfano wa pili ni Australia, na huko hata akili mnemba haikuhitajika. Hesabu mbaya ilitosha. Ofisi ya misaada ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha ikalinganisha na alichoripoti. Fikiria mama anayelima kibarua. Miezi sita ya msimu anapata shilingi 100,000 kila mwezi, miezi sita mingine hapati kitu. Jumla ni 600,000. Mashine inagawa kwa miezi 12 na kusema: ulikuwa unapata 50,000 kila mwezi, kwa hiyo ile miezi uliyosema huna kitu ulidanganya. Rudisha msaada. Mama hakudanganya. Mashine ndiyo isiyojua msimu.

Watu waliambiwa wao ndio wathibitishe kwamba hawadaiwi. Mwezi wa Novemba 2019 mahakama ilitamka kwamba deni la namna hiyo halikuwa na msingi wa sheria. Mwaka 2020 serikali ikakubali kurudisha dola za Australia milioni 721, kwa madeni yapatayo 470,000.

Wa tatu ni Uingereza. Tangu mwaka 2015, wizara ya mambo ya ndani ilitumia programu iliyopanga maombi ya viza kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Uraia wako ulichangia rangi yako, na orodha ya nchi zilizoshukiwa ilikuwa siri. Watetezi wa wahamiaji walipoishtaki serikali, programu hiyo iliachwa Agosti 2020, kabla kesi haijasikilizwa.

Na mfano wa karibu, Kenya. Miaka ya ukame, familia za Wakenya wa kaskazini mashariki, jirani na kambi za Dadaab, ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate chakula. Watoto wakakua. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ilisoma vidole vyao na kusema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikwama, bila kitambulisho. Hapo mashine haikukosea kulinganisha. Vidole vilikuwa vyao. Lakini kidole hakielezi njaa iliyompeleka mama kwenye foleni ile. Hilo linahitaji mtu wa kusikiliza.

MUZIKI MFUPI.

MTANGAZAJI: Usinielewe vibaya, ndugu msikilizaji. Sisemi mashine ziondolewe. Kidole kinamzuia mtu mwingine asichukue mgao wako. Kompyuta inaweza kupata faili lililopotea au kupunguza siku za kusubiri. Na ofisa mwanadamu naye anaweza kupendelea ndugu zake au kuomba chochote. Ninachosema ni hiki: mashine ipendekeze, mtu aamue, na mtu huyo ajulikane, atoe sababu, asikilize rufaa.

Hili si ombi la huruma. Liko katika sheria. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda data za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Ya Uganda inakuruhusu kuandika ukitaka uamuzi mkubwa unaokuhusu usitegemee mashine tu. Nchini Kenya, mwaka 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha kadi za Huduma Namba kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara kwa data za watu, kama sheria ya 2019 inavyotaka. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya akili mnemba mwaka 2024, na humo mashine zinazosaidia kuamua maombi ya hifadhi zimewekwa kwenye kundi la hatari kubwa.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga mbele ya mahakama za nchi, hivyo yanafuata kanuni zao yenyewe. UNHCR iliweka sera ya kulinda data za wakimbizi mwaka 2015. Ndani yake una haki ya kuuliza wameandika nini juu yako, kuomba kosa lirekebishwe, na kupinga.

Sasa nawageukia ninyi mnaofanya kazi ofisini, ninyi wakalimani, na ninyi viongozi wa RWC mnaoitwa kwenye mikutano. Kabla ofisi haijaleta mashine ya kutabiri, mambo matano yafanyike.

Moja, ofisi iseme wazi mashine ni ya kazi gani na sheria gani inairuhusu. Data iliyokusanywa ili ugawiwe chakula isigeuke kimyakimya kuwa ya kukuchunguza.

Mbili, madhara yapimwe kabla, si baada ya watu kuumia. Nani ataumia mashine ikikosea? Mzee ambaye vidole vyake vimelika kwa jembe? Mtoto asiye na mzazi?

Tatu, ijaribiwe kwa watu wa hapa na lugha za hapa. Programu ya kutafsiri inayojua Kifaransa vizuri inaweza kuboronga Kinyabwisha au Kibembe, kwa sababu maandishi ya lugha hizi ni machache kwenye kompyuta. Neno moja likitafsiriwa vibaya kwenye mahojiano, mtu anaonekana mwongo.

Nne, ofisa awe na uwezo wa kweli wa kuikatalia mashine. Kama ana mafaili 200 kwa siku na mkubwa wake anamuuliza kwa nini amepingana na kompyuta, huyo haamui chochote. Anapiga muhuri tu.

Tano, kuwe na njia ya rufaa isiyorudi kwenye mashine ileile. Na wakati rufaa inasikilizwa, msaada usikatwe mpaka ukweli ujulikane. Wazazi wa Uholanzi waliumia zaidi kwa sababu fedha zilisimama kwanza, maswali yakaja baadaye.

MUZIKI MFUPI.

MTANGAZAJI: Na wewe mama, wewe baba, wewe kijana? Hapa kambini tunajua maana ya kuwekwa kwenye orodha. Mwaka 2023, mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, kila nyumba ilitaka kujua: mimi kundi gani, na kwa nini? Lile "kwa nini" ni swali halali. Ni halali vilevile mbele ya kompyuta.

Ukiambiwa "mfumo umekataa", usiondoke na sentensi hiyo peke yake. Uliza kwa upole maswali matatu. La kwanza: nani ameamua, mashine au mtu, na mtu huyo ni nani? La pili: ni taarifa gani iliyoleta jibu hili, na naweza kuiona? La tatu: nikipinga, naenda wapi na mwisho ni lini?

Andika tarehe, dawati na jibu ulilopewa. Kama huandiki, omba mtoto wako au jirani aandike. Tunza nakala ya kadi na ya kila barua mahali pasipoingia maji. Jina likiandikwa vibaya, lirekebishe mapema, hata kama leo halikusumbui. Mashine inaweza kumhesabu Mukendi na Mukendy kuwa watu wawili. Na ukienda kulalamika, nendeni wengi wenye tatizo linalofanana. Mtu mmoja akikosewa, ofisi itasema ni bahati mbaya. Watu ishirini wa kijiji kimoja wakikosewa kwa namna moja, hapo tatizo linaonekana liko kwenye mfumo.

Vikundi vya wasikilizaji, jadilini hili: katika ofisi mnazozijua, ni uamuzi gani hamtaki kabisa uachiwe mashine, na ni kazi gani mngefurahi ifanywe na mashine? Andikeni majibu yenu na kuyatuma kwa kiongozi wa kikundi. Wiki ijayo tutayasoma hewani, bila kutaja majina.



MUZIKI WA KIPINDI: unapanda hadi mwisho.