Kupima Mkazo wa Karatasi Mtamboni

Karatasi ipitayo kasi juu ya rola za mtambo, ikivutwa mno hukatika, ikilegea hukunjamana. Mkazo wake hupimwaje? Chini ya beringi za rola moja huwekwa kipande cha chuma kilichobandikwa tepe nne nyembamba za metali, zilizounganishwa kama daraja la Wheatstone. Chuma kikipindika kidogo, ukinzani wa tepe hubadilika. Daraja lipewalo volti 10 kwa kawaida hutoa milivolti 20 tu kwa mzigo kamili, na makelele ya umeme wa mota yaweza kuzifunika. Kwa hiyo chombo cha kati huondoa uzito wa rola yenyewe, huchuja makelele, kisha huikuza ishara mara 500, hata volti 10. Bila chombo hicho, breki ya gombo ingetii makelele badala ya karatasi.