Gati Likizama Ziwani, Sufuria ya Makadara Inajua

Pitia Burma au Gikomba asubuhi uone akina mama wakipanga mbuta, ngege na omena. Siku hizi kuna samaki wa barafu wa kutoka Uchina, lakini wengi bado wanasafirishwa usiku kutoka Ziwa Victoria. Kwa hivyo gati likiharibika kule Nyanza, sisi wa Makadara, Kaloleni na Kariobangi pia tunaumia.

Wazee wetu wanakumbuka mvua za Uhuru. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwisho wa 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida, mvua ikazidi. Mei 2020 ziwa lilipita kipimo cha 1964, na 2024 likapanda zaidi tena. Gati na bichi nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zilifunikwa.

Mbona maji hayaondoki haraka kama ya mto? Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja. Maji mengi huingia kwa mvua na kutoka kwa kukaushwa na jua, pole pole. Kwa hivyo huwezi kukaa tu ukingoje gati likauke.

Kazi ya kurudisha bandari basi inakwenda hivi:

Kwanza, kupima. Nguzo na mawe yaliyofunikwa hayaonekani, na feri ikiyagonga ni hatari kwa abiria.

Pili, kuinua gati. Kisumu, mabehewa ya reli huingia ndani ya MV Uhuru, meli ya 1966, kwa daraja lenye reli. Maji yakipanda, meli nayo inapanda. Daraja lisipoinuka, mabehewa hayaingii. Kwa feri ndogo, gati linaloelea linafaa, maana linapanda na kushuka pamoja na maji.

Tatu, kutoa tope na gugumaji, ambalo lilisumbua ziwa sana miaka ya 1990.

Nne, barabara, stoo, taa na vyoo. Gati zuri lisilo na barabara ni kazi bure kwa mama mwenye karai la samaki.

Kisumu inatufundisha jambo. Bandari hiyo ililala miaka mingi, ikakarabatiwa 2019, na MV Uhuru ikarudi kubeba mafuta kwenda Uganda. Mwaka uliofuata maji yakapanda! Ukijenga kwa kipimo cha maji ya jana, utajenga mara mbili.

Na hapa kwetu je? Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi, Mathare na Ngong ilibeba nyumba na maisha ya watu. Kwa hivyo mkiitwa kutoa maoni ya bajeti, msiache kwenda, na muulize maswali matatu: Daraja hili jipya la miguu limepita maji ya 2024 kwa kimo gani? Nani atalitunza na kuzibua takataka chini yake? Na wenye vibanda na vyumba waliohamishwa watarudi wapi?

Tukinyamaza, tutajengewa palepale, na maji yatarudi palepale.