Nundu ya baba, mitokondria ya mama

Kila nikigusia maziwa kwenye safu hii, simu hujaa ujumbe. Msomaji wa Sakina anauliza kama maziwa ya ng'ombe "wa mrija" yatamharibu mwanawe. Mwingine wa Usa River, anakoishi jirani na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, anaapa kwamba hanywi ila ya ng'ombe wa asili, "asiyechanganywa". Halafu yuko mchuuzi mmoja mjini anayeuza maziwa ya huyo huyo asiyechanganywa kama dawa ya vidonda vya tumbo, bei mara mbili. Huyu ndiye aliyenitoa uvivu.

Ng'ombe wa asili wa kwetu ni zebu, yule mwenye nundu, na zebu asiyechanganywa hayupo kwetu. Ng'ombe walianza kufugwa mara mbili, kote mbali na hapa: kwanza miaka ipatayo 10,500 iliyopita kwenye sehemu za juu za mito Frati na Hidekeli, wale wasio na nundu, kisha miaka kama 8,000 iliyopita katika Bonde la Indus, Pakistani ya leo, wale wenye nundu. Zebu wetu ana damu ya pande zote mbili. Ila pande hizo hazikuchangia sawa, na hapo ndipo penye utamu.

DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Dume hata awe na nundu kama Mlima Meru, hatii humo herufi hata moja. Sasa chukua jike asiye na nundu umpandishe kwa dume la zebu. Mtamba atakayezaliwa, ukiacha mitokondria, ana nusu ya mama yake. Mpandishe naye kwa zebu mwingine: imebaki robo ya bibi. Kizazi kinachofuata, sehemu moja ya nane. Kisha ya kumi na sita. Kisha ya thelathini na mbili. Huyo wa tano ukimwona zizini utasema zebu mtupu, nundu yake, ngozi inaning'inia shingoni. Lakini mitokondria yake ni ile ile ya bibi wa kwanza, haijapungua hata chembe. Na ng'ombe wa Afrika wenye nundu wakipimwa, karibu wote hukutwa na mitokondria ya majike wasio na nundu. Kwa maneno mengine, nundu ililetwa na madume.

Mwaka 2019 timu ya Daniel Bradley wa Chuo cha Trinity, Dublin, ilisoma vinasaba vya ng'ombe 67 wa kale wa Mashariki ya Kati na jirani zake, ikakuta mchezo ule ule. Kuanzia miaka 4,000 hivi iliyopita, baada ya ukame mkali, damu ya zebu inaingia kwa kishindo huku mitokondria nyingi zikibaki za zamani. Huenda wafugaji walikuwa wanatafuta dume la kuvumilia jua. Kwetu mchanganyiko ulichelewa: utafiti wa 2020 wa ng'ombe 172 wa Kiafrika uliukadiria kuwa wa miaka kama 1,000 iliyopita. Wafugaji wa Luxmanda, Manyara, walikuwa na ng'ombe miaka 3,000 hivi iliyopita, kwa hiyo wao waliutangulia mchanganyiko huo. (Kupata DNA kwenye mifupa ya huku ni kazi ya subira, joto huikata vipande vipande, ndiyo maana watafiti huanza na kile kimfupa kigumu cha sikio la ndani.)

Sasa panda Nkoaranga. Mtaalamu anafungua mtungi wa nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, mvuke mweupe unamwagika hadi kwenye viatu vyake. Anachomoa mrija wa mbegu, mwembamba kuliko wa juisi, anauzamisha kwenye maji ya uvuguvugu. Mama mwenye ng'ombe amesimama pembeni, mzigo wa majani ya migomba bado uko kichwani. Jike wa hapa, dume wa mbali, Friesian. Safari hii dume hakutembea, basi.

Na DNA ya huyo Friesian itamfanya nini mtoto anayekunywa maziwa? Haimfanyi kitu. Bakuli la loshoro lina DNA ya mahindi na ya ng'ombe, na tumbo huzikatakata zote bila kuuliza kabila. Cha kuogopa ni ugonjwa wa brusela, ambao humpata wa asili na chotara vilevile: chemsha maziwa mpaka yatokote, na usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mwenye vidonda vya tumbo aende hospitali akapimwe. Vingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu, na maziwa hutuliza kidogo tu kisha huchochea asidi, yawe ya bei mara mbili au ya bure.

Anayetaka mnyama wa asili hasa amtazame punda. Utafiti wa 2022, wa punda 207 wa leo na 31 wa kale, ulionyesha kwamba alianza kufugwa mara moja tu, miaka 7,000 hivi iliyopita, huku huku Afrika Mashariki. Yuko Ngaramtoni, amebeba madumu ya maji, na sijawahi kupata ujumbe wa mtu anayejivunia usafi wa damu yake.