Dawa ya Mmoja Ikagawiwa Watano



Juma lililopita nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita hesabu za sehemu. Niliandika ubaoni: 1/5. Kabla sijageuka, mwanafunzi mmoja, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Kinshasa, aliinua mkono akasema: «Mwalimu, hiyo ndiyo chanjo aliyopewa baba. Walimwambia dawa haikutosha, basi akapewa sehemu ya tano. Je, walimdanganya?»

Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamjibu ya kuwa baba yake hakudanganywa. Walakini niliona ya kuwa swali lile lastahili jibu refu kuliko saa moja ya hesabu. Jibu lenyewe ni hili.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya manjano huletwa na mbu mwenye madoa meupe, aumaye mchana. Yeye hapendi vinamasi. Apenda maji safi yaliyotulia karibu na watu: katika pipa lisilofunikwa, katika kopo, katika gurudumu la motokaa lililotupwa uani. Wagonjwa wengi hupona baada ya siku chache. Lakini wengine, wakidhani wamepona, homa huwarudia kwa ukali. Macho yageuka manjano, nao hutapika damu nyeusi. Katika hao wanaofikia hatua hii ya pili, karibu nusu hufa kwa muda wa siku saba hadi kumi. Waganga hawana dawa ya kuua ugonjwa huu ukiisha kuingia mwilini.

Kinga yake iko, tena ni njema. Mwaka 1927 wataalamu walipata vijidudu vya ugonjwa huu katika damu ya mtu mmoja wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Mwaka 1937 Max Theiler, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake, walifaulu kuvifuga vijidudu vile hata visiweze kudhuru, bali vifundishe mwili kujilinda. Kwa kazi hiyo Theiler alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1951. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha ya kuwa sindano moja yatosha kwa maisha yote.

Mbona basi dawa ikakosekana?

Chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, tena mayai ya kuku waliotunzwa kwa uangalifu mkubwa wasiwe na ugonjwa wowote. Tangu kuanza kazi hadi chupa kupimwa na kukubaliwa, karibu mwaka mzima hupita. Na mwaka 2016 viwanda vilivyokubaliwa na Shirika la Afya kuyauzia mashirika ya mataifa vilikuwa vinne tu duniani: kimoja Dakar nchini Senegal, kimoja Ufaransa, kimoja Brazil, kimoja Urusi. Mwenye tanuri ya mikate aweza kuambiwa jioni aongeze unga, na asubuhi mikate ipo. Mwenye kiwanda cha chanjo hawezi.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliweka akiba ya dozi milioni 6 kwa ajili ya hatari ya ghafula. Wazee walisema akiba haiozi. Walakini akiba ya chanjo huharibika: joto huiua, na siku zake zikipita haifai tena. Ndiyo sababu hakuna atengenezaye nyingi mno bila kujua nani atainunua.

Mwezi wa Desemba 1915 haukuwa na habari hizi. Zilianza Desemba 2015, pale ugonjwa ulipozuka Viana, karibu na Luanda, mji mkuu wa Angola. Luanda peke yake ilihitaji mamilioni ya dozi. Akiba ya ulimwengu ikamalizika, ikajazwa tena, ikamalizika mara ya pili katika mwaka ule ule, jambo lisilopata kutokea. Wakati huo wachuuzi na wasafiri walikuwa wakivuka mpaka kila siku kuja Kongo. Mwezi wa Aprili 2016 serikali yetu ilitangaza ya kuwa homa ya manjano imeingia. Iliguswa Kongo Central, iliguswa Kwango, tena iliguswa Kinshasa.

Hesabu ngumu

Hapo wakuu wa afya walikuwa na hesabu ambayo hakuna mwalimu atakaye kuipewa. Kinshasa ina watu zaidi ya milioni kumi. Mvua huanza mwezi wa Septemba, na mvua ikianza, mbu huongezeka. Dozi zilizopatikana hazikutosha hata kidogo. Nani achanjwe, nani aachwe? Mtaa huu upewe, mtaa ule ungoje mwaka ujao?

Ndipo wataalamu wakakumbuka majaribio yaliyofanywa zamani, hasa Brazil. Majaribio hayo yalionyesha ya kuwa chupa ya chanjo hii ina nguvu nyingi kupita kiasi ambacho mwili wahitaji. Tarehe 17 Juni 2016 Shirika la Afya lilipokea shauri lao: katika hatari kubwa, mahali pa nusu mililita, mtu apewe sehemu ya kumi ya mililita, yaani sehemu ya tano ya dozi. Chupa ya watu 10 ikawa chupa ya watu 50.

Lakini masharti yaliwekwa. Watoto wasiotimiza miaka miwili na akina mama waja wazito walipewa dozi nzima. Aliyepewa sehemu ya tano hakupata cheti cha kusafiri nchi za ng'ambo. Tena haikusemwa ya kuwa kinga ile itadumu maisha yote, kwa maana jambo hilo lilikuwa halijapimwa.

Kazi ilianza Kinshasa tarehe 17 Agosti 2016. Ilibidi kutafuta sindano ndogo za kipimo kile, tena kwa mamilioni. Ilibidi dawa ikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8, katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara. Na chupa ikiisha kuchanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. Muuguzi aliyefungua chupa ya watu 50 mbele ya watu kumi tu alijua ya kuwa asipopata wengine, atamwaga kinga ya watu arobaini. Hata hivyo, katika muda wa siku chache watu zaidi ya milioni 7 walichanjwa katika mji ule.

Je, ilifaa?

Yatupasa kusema kweli. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa katika Kongo alipatikana mwezi wa Julai, kabla ya kazi ile kubwa kuanza. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa sehemu ya tano peke yake ndiyo iliyoufukuza ugonjwa. Twaweza kusema ya kuwa mlango ulifungwa kabla ya mvua, na ya kuwa ugonjwa haukurudi kuuteketeza mji. Tarehe 14 Februari 2017 mwisho wake ulitangazwa. Katika Angola na Kongo watu 965 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na watu karibu milioni 30 walikuwa wamechanjwa.

Tena wataalamu walipima damu ya baadhi ya waliochanjwa Kinshasa. Katika watu 716 waliopimwa baada ya mwezi mmoja, 705 walikuwa na kinga. Wanafunzi wangu walipiga hesabu wenyewe: ni karibu 98 katika mia. Basi baba wa mwanafunzi yule hakupewa maji matupu.

Kugawana na kuhitaji kugawana

Lakini mtoto yule hakuridhika. Akauliza tena: «Na wenye viwanda, wao pia walipewa sehemu ya tano?» Hapo sikuwa na jibu la haraka.

Kugawana wakati wa njaa ni akili, tena ni haki. Mama mwenye chungu kimoja na watoto watano hamshibishi mmoja na kuwaacha wanne. Lakini nyumba ambayo kila mwaka hugawana kwa sababu shamba halikulimwa, hiyo haitendi vema. Katika viwanda vile vinne, Afrika ilikuwa na kimoja tu, cha Dakar, ingawa ugonjwa huu wasumbua zaidi bara letu.

Jambo hili lilionekana tena mwaka 2024. Ugonjwa wa mpox ulijulikana kwa wanadamu mara ya kwanza hapa Kongo, mwaka 1970. Ulipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, watu wa huko walichanjwa upesi. Kwetu, dozi za kwanza zilishuka Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na uchanjaji ulianza Goma mwezi mmoja baadaye. Chanjo ile ilitengenezwa na kampuni ya Denmark. Aliye na ugonjwa alingoja. Aliye na kiwanda hakungoja.

Basi wazazi, funikeni mapipa ya maji, ondoeni makopo uani. Mpelekeni mtoto wa miezi tisa kwenye chanjo, na karatasi yake itunzeni. Aliyepewa sehemu ya tano, akitaka kusafiri ng'ambo, aulize hospitalini habari ya dozi nzima.

Nanyi wanafunzi, msidharau hesabu za sehemu. Nilimwambia yule aliyeuliza: «Mwanangu, baba yako alipewa sehemu ya tano ili majirani zake wanne wapate nao. Kamwambie hivyo. Kisha urudi ujifunze, kwa maana viwanda vinataka watu wanaojua kupima.» Akaandika 1/5 katika daftari lake, akaipigia mstari chini.